Kitenzi cha Kiingereza "take off" na Kauli ya Kutendua ya Kiswahili: Mazingatio kwa Madarasa ya Tarime na Serengeti

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anayeingia kidato cha kwanza katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, kwa kawaida huwa tayari ni mjuzi wa lugha mbili. Nyumbani huenda amekulia katika Kikuria, Kingoreme, Kiikoma, Kinata au Kiisenye. Katika shule ya msingi ya serikali amefundishwa kwa Kiswahili. Sekondari humtaka ajifunze na kujibu mitihani kwa Kiingereza. Miongoni mwa mambo yanayomkwaza ni vitenzi vya Kiingereza vya maneno mawili, ambavyo maana yake haipatikani kwa kujumlisha maana ya neno moja na la pili. Mhadhara huu unachunguza kimojawapo, yaani take off. Hoja kuu ni kwamba sehemu kubwa ya maana ya kitenzi hicho mwanafunzi anayo tayari, ila ameizoea ndani ya kitenzi, si nje yake.

2.0 Kitenzi kimoja, tafsiri nyingi

Zichunguzwe sentensi zifuatazo za matumizi ya kila siku:

(a) Take off your shoes. – Vua viatu.
(b) Take the lid off the pot. – Funua chungu.
(c) Take the porridge off the fire. – Ipua uji.
(d) She took the label off the bottle. – Alibandua karatasi kwenye chupa.
(e) The plane took off from Seronera. – Ndege iliruka kutoka Seronera.
(f) He took two days off. – Alichukua mapumziko ya siku mbili.

Anayetafsiri neno kwa neno hujua kwamba take ni "chukua". Kwa hiyo sentensi (a) kwake humaanisha "chukua viatu", naye huviokota badala ya kuvivua. Kosa hilo halitokani na uvivu wala upungufu wa akili. Mwanafunzi ameitafuta maana katika kitenzi, mahali ambapo Kiswahili huiweka, ilhali Kiingereza kimeihamishia katika neno dogo off.

3.0 Kauli ya kutendua

Tafsiri za sentensi (a) hadi (d) zina jambo moja zinaloshirikiana: kila moja ina kitenzi kilicho kinyume chake. Vaa ina vua. Funika ina funua. Injika ina ipua. Bandika ina bandua. Orodha hiyo yaweza kurefushwa kwa funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua, chomeka na chomoa. Hii ndiyo kauli ya kutendua, ambayo Ashton aliieleza katika sarufi yake ya mwaka 1944. Kiambishi chake ni -u-, nacho hugeuka kuwa -o- pale irabu ya mzizi inapokuwa o, kama katika chomoa.

Kauli hii si mali ya Kiswahili peke yake. Wanaisimu wa Kibantu wameirejesha katika lugha mame, na katika lugha nyingi imehifadhi konsonanti ambayo Kiswahili kimeidondosha. Kwa mfano, Kikikuyu kina hinga, "funga", na hingũra, "fungua".

Tahadhari moja inahitajika. Si kila kitenzi kinachoishia na -ua kiko katika kauli hii. Nunua, sumbua na chukua havina jozi hai ya kutenda ambayo vinaitendua.

4.0 Nafasi ya yambwa

Katika Kiingereza nomino yaweza kukaa baada ya off au kabla yake: take off your shoes, take your shoes off. Lakini kiwakilishi hakina hiari hiyo. Husemwa take them off. Haisemwi take off them. Kanuni hii hukaririwa bila maelezo, kisha husahauliwa. Hata hivyo, Kiswahili kina tabia inayokaribiana nayo: "vua viatu", lakini "vivue". Nomino hukaa nje ya kitenzi. Kiambishi cha yambwa huingia ndani yake. Miundo ya lugha hizi mbili haifanani, lakini mwalimu anayeonesha kwamba katika zote mbili kiwakilishi huingia kati atakuwa amempa mwanafunzi pa kushikia.

5.0 Mipaka ya ulinganisho

Kauli ya kutendua haielezi kila kitu. Sentensi (e) na (f) ziko nje yake. Ndege huruka au hupaa; haitenduliwi. Hata hivyo, inaporudi chini Kiswahili husema "inatua", kitenzi kilekile cha mwanamke anayeshusha mtungi wa maji baada ya kutwikwa. Maana za namna hii hazina budi kufundishwa moja moja, ndani ya sentensi kamili.

Aidha, si kila mwanafunzi wa eneo hili ana lugha ya Kibantu nyumbani. Wapo Wajaluo na Watatoga, ambao lugha zao ni za Kiniloti. Kwa hao daraja ni Kiswahili walichojifunza, na ndiyo sababu nyingine ya kutokifukuza Kiswahili katika somo la Kiingereza.

6.0 Hitimisho

Palipo na desturi ya kumwadhibu mwanafunzi kwa kutamka neno la Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza, huwa ananyang'anywa chombo ambacho kingemsaidia. Dakika chache za kupanga vaa na vua, funika na funua, bandika na bandua ubaoni, kisha kuuliza ni neno gani la Kiingereza linalofanya kazi ya kile kiambishi kidogo, zaweza kufaa kuliko kukariri orodha ndefu. Mwanafunzi atatambua kwamba off si neno la ziada lililotupwa mwishoni mwa sentensi, bali ndilo linalobeba utenduzi. Atatambua pia kwamba lugha alizokuja nazo darasani ni elimu, si kikwazo cha kuiachia mlangoni.