FAHAMU FONTI NENE ZENYE NCHA ZA MVIRINGO NA MATUMIZI YAKE

Na Mwandishi Wetu

Tangazo la umma hutimiza lengo lake pale tu mwananchi anapolisoma na kulielewa. Pamoja na lugha iliyotumika, umbo la herufi lina mchango mkubwa katika jambo hilo.

Miongoni mwa fonti zinazotumika sana katika mabango na vibao ni zile nene, zisizo na vijimstari vya pambo, ambazo miisho yake imeviringwa. Mfano unaofahamika ni VAG Rounded, iliyobuniwa mwaka 1979 kwa ajili ya kampuni ya magari ya Volkswagen ya iliyokuwa Ujerumani Magharibi. Kampuni hiyo ilihitaji mwonekano mmoja kwa mtandao wa mauzo wa magari ya Volkswagen na Audi. Baadaye fonti hiyo ilitumika pia katika vibonye vya kompyuta za Apple, hadi kampuni hiyo ilipoanza kuibadilisha mwaka 2015.

Mviringo huo una sababu za kiufundi. Kekee ya mashine ya kuchonga vibao huzunguka, hivyo huacha mwisho wa mviringo katika kila mstari. Aidha, wino unapotapakaa kidogo, pembe kali ndizo huharibika kwanza. Herufi isiyo na pembe haina cha kupoteza. Kwa upande wa msomaji, mviringo huondoa ukali na kuyapa maandishi sura ya ukaribisho. Unene nao huyafanya yaonekane kwa mbali.

Hata hivyo, sifa hizo zina mipaka. Herufi nene zikipunguzwa ukubwa, nafasi zilizo ndani ya "a" na "e" huzibika na maneno huonekana kama madoa. Kwa sababu hiyo, fonti hizi zinafaa kwa vichwa vya habari, majina ya ofisi, namba za madirisha ya huduma na maelekezo mafupi. Maelezo marefu, kama vile masharti ya maombi, yaandikwe kwa herufi za unene wa kawaida.

Uangalifu zaidi unahitajika katika namba za malipo na anuani za tovuti. Katika fonti nyingi zisizo na vijimstari, herufi kubwa "I" na herufi ndogo "l" hufanana, na sifuri hukaribiana na herufi "O". Kosa la alama moja linaweza kumkosesha mwananchi huduma au kumpeleka kwenye tovuti isiyo sahihi.

Hivyo, kabla ya kubandika tangazo, ni vyema mhusika alichapishe kwa ukubwa utakaotumika, alisome kutoka umbali atakaosimama mwananchi, kisha alinganishe kila tarakimu na kumbukumbu halisi. Naye mwananchi, anapotilia shaka alama yoyote, aulize katika ofisi husika kabla ya kulipa.