Presha ya mguuni

Mashine ya presha tumeizoea mkononi. Unakunja shati, kitambaa kinajaa upepo, kinalegea, unatajiwa namba mbili na kurudi nyumbani. Katika zahanati moja ya binafsi mjini Bunda, nilikoingia kwa shughuli nyingine kabisa, nilimwona tabibu akimfunga mzee kitambaa hicho mguuni, juu kidogo ya kifundo. Mzee amelala chali, suruali imekunjwa hadi magotini, anatazama dari. Nilitoka pale na swali ambalo halikuniacha, nikarudi kuuliza.

Tabibu huyo, aliyeomba jina lake lisiandikwe, amehudumia wagonjwa wa presha na sukari kwa miaka mingi kati ya Musoma, Butiama na Bunda. Hana haraka ya kuongea, ila ukigusa habari ya miguu hanyamazi. Kwake, kosa kubwa ni kuichukulia presha kama ugonjwa wa kichwa na sukari kama ugonjwa wa chai. Yote mawili, anasema, ni magonjwa ya mishipa. Mgonjwa anakuja na karatasi ya namba, lakini kinachoharibika ni ukuta wa ateri, na ukuta huo hakuna anayeuangalia.

Kipimo chenyewe kinataka utulivu. Mgonjwa analala dakika 5 hadi 10 ili damu itulie. Anapimwa presha mikono yote miwili. Kisha tabibu anapaka jeli juu ya mguu, katikati ya kidole gumba na kinachofuata, mahali ambapo mshipa unadunda, na tena nyuma ya mfupa wa ndani wa kifundo. Juu ya jeli anaweka kifaa cha Doppler, chembamba kama kalamu, kinachopeleka mawimbi ya sauti ndani ya nyama na kurudisha mlio wa damu inayopita. Anapampu kitambaa mpaka mlio unakatika. Analegeza taratibu sana, macho kwenye mshale. Mlio unaporudi, hapo ndipo anaposoma.

Namba ya mguuni inagawanywa kwa ya mkononi. Kwa mtu mzima mwenye afya jibu huwa 1 au zaidi kidogo, kwa sababu namba ya juu ya presha ya kifundoni kwa kawaida hulingana na ya mkononi au huizidi. Likiwa 0.9 au chini yake, ateri za mguu zimebanwa mahali fulani. Likipita 1.4, ukuta wa ateri umekauka kiasi kwamba kitambaa hakiwezi kuubonyeza. Tabibu anasema ameshawahi kupampu hadi 250 na mlio ukaendelea tu. Ukikanyaga mpira wa kumwagilia bustani maji yanakatika, ukikanyaga bomba la chuma unaumia mguu bure.

Mzee yule alikuwa na 150 mkononi na 165 kifundoni. Jibu ni 1.1. Mimi nilidhani ni habari njema. Tabibu hakuonyesha furaha yoyote. Alirudisha Doppler mguuni, akafumba macho, akasikiliza upya.

Hapa ndipo penye jambo ambalo sikulijua. Presha inayokaa juu miaka na miaka inachosha utando wa ndani wa ateri, ambao unene wake ni seli moja tu. Utando huo una kazi kubwa kuliko umbo lake. Mwaka 1980 Robert Furchgott wa Marekani alionyesha kwamba vipande vya ateri ya sungura vinalegea vikipewa kemikali ya asetilikolini ikiwa tu utando huo haujakwanguliwa. Baadaye ikafahamika kwamba utando hutoa nitriki oksidi, ambayo huulegeza mshipa, na mwaka 1998 Furchgott na wenzake wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Utando ukichakaa, mafuta yanapenya ukutani, ukuta unanenepa kuelekea ndani, njia inakuwa nyembamba. Damu inayofika kifundoni inapungua nguvu, na namba inashuka.

Sukari nayo inachakaza utando huo huo, ila ina njia yake nyingine. Inajibandika kwenye protini za ukuta na kuzifanya ngumu, na kwa wagonjwa wengi wa muda mrefu chokaa inajipanga katika tabaka la kati la ateri, hasa za miguu. Hapo kitambaa kinalazimika kutumia nguvu zaidi kuibana ateri, na namba inapanda bila damu kuongezeka hata tone.

Sasa mchukue mtu mwenye yote mawili, kama mzee yule. Kubanwa kunaishusha namba, ukavu unaipandisha, na vinakutana katikati, kwenye 1.1 ya kupendeza. Magonjwa mawili yamefichana. Mzee angeweza kuvaa viatu vyake na kwenda zake akiamini miguu iko salama.

Ndiyo maana tabibu anaamini masikio yake kuliko hesabu. Alinisikilizisha mguu wake mwenyewe kwanza. Kila pigo la moyo lina mlio mkali unaopanda ghafla, halafu mwingine mfupi wa damu inayorudi nyuma kidogo, halafu wa tatu laini ambao usipotega sikio unakupita. Kisha akaniwekea mguu wa mzee. Mvumo mmoja. Unaanza pole, unaisha pole, hakuna cha pili wala cha tatu. Mzee akauliza, “Mwanangu, unasikia nini huko?” Akajibiwa kwamba damu inafika, babu, ila imechoka.

Cha kusikitisha ni kwamba mzee hasikii maumivu. Mtu ambaye ateri zake zimebanwa kwa kawaida hukamatwa kigimbi akitembea, husimama, hupumzika, kisha huendelea. Lakini kwa mzee yule sukari ilishaua neva za miguu, za nyayo zikiwamo. Tabibu alimgusisha uzi wa nailoni unaopinda kwa uzito wa gramu 10, na mzee, aliyevua dagaa Musoma ujana wake wote na kushika nailoni maisha yake yote, hakuuhisi. Msumari ukimchoma hatajua. Kidonda kitaanza kwenye mguu usio na maumivu wala damu ya kutosha, na tunajua vidonda vya namna hiyo huishia wapi.

Utafiti wa taifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban robo ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana presha, na karibu 9 katika kila 100 wana sukari. Haikuwa hivi tangu mwanzo. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo Kusini, wilaya ya Kenya iliyopakana na Tarime ya leo, aliandika katika jarida la Lancet kwamba kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hakumpata hata mmoja wa presha. Alipima watu 1,000 wengine, akakuta baada ya miaka 40 presha yao ilikuwa inashuka. Mwaka 1990 watafiti wengine walichapisha habari za Wajaluo waliohama vijijini kwenda Nairobi: presha ilipanda ndani ya miezi michache tu, pamoja na chumvi kwenye mkojo. Ndugu wa watu hao ndio wanaoishi Rorya, upande wa Tanzania. Damu ni ile ile. Kilichobadilika ni sahani, kazi na mwendo.

Na mwendo ndio dawa mojawapo. Mwenye ateri zilizobanwa hushauriwa atembee mpaka kigimbi kimkamate, apumzike, atembee tena, nusu saa au zaidi, mara 3 kwa wiki, kwa miezi kadhaa, pamoja na vidonge vya presha, sukari na lehemu, na kuacha sigara. Mwaka 1934 kijana Julius Nyerere alitoka Butiama kwa miguu kwenda shule ya Mwisenge, Musoma, maili 26. Leo vijana wa Butiama wanapanda bodaboda kwenda dukani.

Lakini mtu mwenye nyayo zisizohisi umwambie atembee vipi? Na kabla ya hapo, nani atamgundua? Nchini kumekuwa na programu ya Step by Step, iliyoanza miaka ya 2000 chini ya Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam, iliyofundisha madaktari na wauguzi wa mikoani kukagua miguu ya wagonjwa wa sukari. Tabibu wa Bunda anaiheshimu kazi hiyo, ila anasema kliniki nyingi alizopitia mgonjwa havui hata soksi. Kwa mtu kama mzee yule kinachohitajika ni kitambaa kidogo cha kupima presha ya kidole gumba cha mguu, kwa kuwa ateri za kidole mara nyingi hukwepa chokaa. Hana. Hajui pa kumpeleka mzee karibu zaidi ya Mwanza, na mzee ameshasema nauli ya Mwanza ni dagaa wa wiki nzima. Amempangia kurudi baada ya mwezi, huku mjukuu wake akitakiwa kumkagua nyayo kila jioni kabla ya kulala.

Nilimuuliza kama mwezi mmoja hautakuwa mrefu mno. Alisema hilo analiuliza yeye pia.