Upendo wa uani: Wakristo wa Buguruni na majirani zao

Nyumba nyingi za Buguruni, Dar es Salaam, zinafanana. Korido moja katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, mlango wa nyuma unaotokea uani. Huko uani ndiko kwenye bomba, choo, bafu, kamba za kuanikia nguo na majiko ya mkaa. Kila chumba kina familia yake, na kila familia imekuja mjini na kabila lake na dini yake. Mita ya LUKU ni moja. Ukitaka kujua Mkristo wa Buguruni anampendaje jirani yake, usianzie kanisani Jumapili. Anzia hapo, usiku ambao umeme umeisha na zamu ya kununua ni ya mpangaji ambaye wiki nzima hajapata kibarua.

Yuko atakayemgongea mlango na kumdai kwa sauti ya kusikika korido nzima. Yuko pia atakayetoa simu yake, akanunua umeme wa elfu mbili, akaingiza tarakimu zile ishirini kwenye mita, kisha akarudi chumbani kwake kimya. Makala hii ni ya huyu wa pili.

Buguruni, kama sehemu kubwa ya Ilala na Pwani yote, ina Waislamu wengi. Wakristo wengi wa hapa, wao au wazazi wao, walishuka kutoka bara: Kilimanjaro, Kagera, Mbeya, Songea, Dodoma. Walifuata kazi za reli, viwanda vya Barabara ya Pugu ambayo leo tunaiita Nyerere, na biashara za soko la Buguruni na Kariakoo. Walipanga vyumba kwenye nyumba za Waislamu, wakalea watoto wao kwenye ua mmoja na watoto wa wenye nyumba, na taratibu ukazuka utaratibu ambao hakuna aliyeuandika. Kitimoto, nyama ya nguruwe, haipikwi uani. Anayeitamani huifuata bandani, akala hukohuko akarudi. Adhana ikilia, kwaya iliyokuwa ikitumbuiza redioni hupunguzwa. Mwezi wa Ramadhani, mama wa Kikristo mwenye nafasi hutoa bakuli la tambi au mihogo ya nazi lisogezwe mlango wa pili kabla ya magharibi, na siku ya Krismasi bakuli hilohilo hurudi na pilau.

Wapo watakaosema mambo haya ni ustaarabu wa kawaida tu na hayahusiani na imani. Mimi nayaona ni imani yenyewe ikiwa kazini. Ni rahisi kumpenda mtu aliye mbali. Jirani unayesubiriana naye mlango wa choo saa kumi na moja alfajiri ni mtihani mwingine. Na kwa sababu hiyo nasema wazi kwamba vikundi vya maombi vinavyoelekeza spika kwenye dirisha la jirani mwenye mtoto mchanga, vikakesha hivyo hadi alfajiri, vinavunja kwa usiku mmoja kile ambacho akina mama wamekijenga uani kwa miaka.

Kutoka uani, upendo huu hupanuka hadi kwenye jumuiya. Kwa Wakatoliki ni Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, nyumba chache za mtaa mmoja zinazokutana kila wiki kusoma Neno na kusali. Jijini Dar es Salaam nyingi hukutana Jumamosi alfajiri, kabla watu hawajatawanyika kwenye biashara zao. Walutheri nao wana jumuiya zao, na Waanglikana wana Umoja wa Mama. Maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, chini ya umoja wao wa AMECEA, walizitaja jumuiya hizi kuwa njia ya Kanisa katika mkutano wao wa Nairobi mwaka 1973, na mwaka 1976 wakazifanya kipaumbele cha kichungaji. Tanzania ya miaka hiyo ilikuwa tayari na mabalozi wa nyumba kumi, na Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa bado masikioni mwa watu. Kanisa lilikuta mtaa umeshazoea kuhesabiana nyumba kwa nyumba, likaleta sala humo.

Sala ikiisha, kabla watu hawajainuka kwenye mikeka, mwenyekiti huuliza swali ambalo kwangu ndilo moyo wa jumuiya: nani hajaonekana? Mama Fulani yuko wapi, mbona wiki mbili? Hapo ndipo mambo hujulikana. Huyu kalazwa Amana, yule mumewe kapunguzwa kazi, mwingine binti yake kajifungua kwa upasuaji na hana wa kumfulia. Watu hupangana palepale. Wawili wataenda hospitali mchana, mmoja atapeleka uji kila asubuhi, watatu watafua.

Hospitali ya Amana haiko mbali, ni kushuka tu Barabara ya Uhuru. Kama ilivyo kwa hospitali zetu nyingi, mgonjwa hutegemea chakula cha nyumbani. Saa ya kuona wagonjwa inapokaribia utawaona akina mama wamejaa getini na hotipoti zilizofungwa kwa kitenge, chupa za chai zenye uji, na ndizi mbivu kwenye mfuko. Mwenye mgonjwa wake huwa na hotipoti moja. Wa jumuiya huwa na mbili, kwa sababu kitanda cha jirani mara nyingi kina mtu aliyetoka mkoani ambaye hana ndugu mjini. Humlisha na huyo, bila kumuuliza anasali wapi.

Nyumbani kwa mgonjwa kazi ni nzito zaidi, na hapa nataka nikae kidogo. Bibi aliyepooza upande mmoja, anayeishi na mjukuu wa darasa la tano, hawezi kusaidiwa kwa kilo ya sukari peke yake. Akina mama wa jumuiya hufika asubuhi mjukuu akishaenda shule. Mmoja hubandika maji. Wawili humgeuza bibi taratibu, kanga moja imemfunika na nyingine inavutwa chini yake, ili asibaki wazi hata mara moja. Humwosha, humpaka mafuta mgongoni na kwenye visigino ambako vidonda vya kulalia huanzia, humbadilishia shuka, humsuka nywele mbili tatu kichwa kisionekane kimetupwa. Wakati wote huo wanampa habari za mtaa: nani kaolewa, nyanya sokoni zimepanda bei, fundi aliyetokomea na kitambaa cha kwaya. Bibi anacheka kwa nusu ya uso. Wakiaga, kila mmoja humshika mkono, na kwenye kushikana huko noti iliyokunjwa hupita kutoka kiganja hadi kiganja. Hakuna anayetangaza kiasi.

Wanawake hawa ni wauza maandazi, mama ntilie, wenye meza za nyanya na vitunguu pale sokoni. Asubuhi waliyoitoa kwa bibi ni asubuhi ya biashara. Kinachowawezesha ni mwenzao wa meza ya jirani, ambaye siku hiyo huuza mafungu ya meza mbili na jioni hukabidhi hesabu ya kila upande kamili. Mara nyingi huyo mwenzao ni Mwislamu.

Jiji hili lilijifunza kazi hiyo ya kuuguza kwa machungu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kufikia miaka ya tisini hapakuwa na mtaa wa Dar es Salaam ambao haukuwa na chumba kilichofungwa pazia mchana. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure na serikali mwaka 2004. Katika miaka ile ya katikati, kilichokuwepo ni kuuguza. Na aibu ilikuwa kubwa. Kulikuwa na familia zilizomtengea mgonjwa sahani na kikombe, na kulikuwa na wahubiri waliomwambia anavuna alichopanda. Mwaka 1992, chini ya Jimbo Kuu la Dar es Salaam, ilianzishwa huduma ya PASADA kwa wanaoishi na virusi, huko Chang'ombe, ng'ambo ya Buguruni upande wa Temeke. Ilianza na kikundi kidogo cha watu ambao wenyewe walikuwa wakiishi na virusi, waliotaka mahali pa kusali, kupata tiba na kutiana moyo. Ikakua hadi kuhudumia maelfu, wa dini zote, kwa kutegemea sana watu wa kujitolea waliokwenda majumbani. Hawa walikuwa wakiingia kwenye vile vyumba vya pazia na kukaa juu ya kitanda cha mgonjwa, wakati ndugu zake walikuwa wakisimama mlangoni. Huko kukaa kitandani kulisema jambo ambalo hakuna mahubiri yaliyokuwa yakiliweza.

Hapa Buguruni kwenyewe Waanglikana wana kituo chao cha afya. Ipo pia Shule ya Viziwi Buguruni. Vikundi vya makanisa mbalimbali hupeleka mchele, sabuni na madaftari kwenye shule na vituo vya namna hii. Ni jambo jema. Ila Mkristo anayejifunza lugha ya alama hata salamu tu, akaweza kumuuliza mtoto kiziwi jina lake na kulielewa jibu, ametoa kitu ambacho gunia la mchele halitoi. Na picha za watoto wamepangwa nyuma ya maboksi huku wageni wametabasamu mbele, ningependa tuziache kabisa.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Jumuiya imegeuka pia kuwa daftari. Kuna daftari la mahudhurio, la zaka, la michango ya ujenzi, la rambirambi. Kupanga fedha kwa uaminifu ni sehemu ya upendo, sibishi. Lakini sote tumewahi kusikia, na wengine tumeona, msiba unatokea, ndugu wanakwenda kanisani kuomba misa au ibada, na swali la kwanza wanaloulizwa ni kama marehemu alikuwa anashiriki jumuiya na kama michango yake iko sawa. Jina likikosekana daftarini, watu wanarudishwa na maiti yao.

Naielewa hoja ya viongozi. Wanasema mtu hawezi kuishi miaka ishirini bila kulijua Kanisa halafu alitake siku ya jeneza, na kwamba bila utaratibu watu wataacha kushiriki. Lakini adhabu hiyo haimfikii marehemu. Inamfikia mama yake aliyekaa kwenye mkeka, na watoto wake ambao hawakuwahi kuulizwa kitu. Na aliyepotea kwenye jumuiya kwa miaka mingi, nani alimfuata? Kama swali la nani hajaonekana lingeulizwa kila Jumamosi na jibu likafuatiliwa kwa miguu, ni wachache sana wangefika kaburini wakiwa wageni. Daftari linalomkataa marehemu linashuhudia pia juu ya walioliandika. Siku hizi tumeongeza kundi la WhatsApp, ambapo habari ya ugonjwa hupokewa na mikono arobaini ya kusali iliyotumwa kwa kidole, na mlango wa mgonjwa ukabaki haujagongwa.

Mtaa kwa bahati njema bado una akili yake kwenye msiba. Turubai linafungwa, viti vya plastiki vinashushwa, wanaume wanalala nje kwenye majamvi, wanawake wanahamia kwenye masufuria. Mbuzi au ng'ombe wa msiba wa Kikristo huchinjwa na Mwislamu ili kila aliyefika ale bila wasiwasi. Sijawahi kusikia mfiwa Buguruni akilalamikia hilo. Linafanyika kama kufunga turubai. Gharama ya kusafirisha mwili hadi Rombo au Mbinga inaweza kumeza akiba yote ya familia, na kuna kofia na sahani zinazozungushwa usiku huo ambazo huchangiwa na wenye msalaba shingoni na wenye kofia za darizi kwa pamoja.

Vijana wa bodaboda ndio wanaonifanya niamini kwamba daftari haliwezi kuwa na neno la mwisho. Wengi wao walibatizwa, wengi hawajakanyaga jumuiya tangu kipaimara. Jumamosi alfajiri ndiyo saa yao ya kubeba wafanyabiashara kwenda sokoni, na hakuna aliyewahi kuwapangia saa nyingine. Barabara ya Mandela na malori yake ya bandarini huwaua. Mwenzao akifa, kijiwe kinasimamisha kazi, na kabla ya jioni fedha zimepatikana, pikipiki zimejipanga kusindikiza.

Nilikuwa kwenye msiba mmoja wa namna hiyo, wa kijana ambaye jina lake halikuwepo kwenye orodha yoyote ya kanisa. Mazungumzo na viongozi yalichukua asubuhi nzima na hayakuzaa misa. Akina mama wa jumuiya ya mtaa ule hawakusubiri yaishe. Walikuwa wameshaingia jikoni tangu alfajiri, wamekosha mchele, na mmoja wao, bibi anayeheshimika sana pale mtaani, alikwenda mwenyewe kumwita katekista akamwambia kama hataongoza sala, ataongoza yeye. Katekista alikuja, na shati lake la kawaida, akasali, akamtaja marehemu kwa jina lake la ubatizo mbele ya mama yake. Fedha za kijiwe zililipa Costa mbili za kwenda makaburini. Wiki iliyofuata vijana wanne wa kijiwe kile walibeba magunia mawili ya mkaa hadi kwa yule bibi, wakakataa kulipwa, na mmoja akamuuliza kama jumuiya inaweza kukutana Jumapili jioni, saa ambayo wao huwa wameegesha.

Ombi hilo, mara ya mwisho nilipouliza, lilikuwa bado linajadiliwa.