Jangili Akishakamatwa

Wengi wetu tulikulia kwenye riwaya za Joram Kiango wa Ben Mtobwa na Willy Gamba wa Elvis Musiba, ambamo mhalifu akishatiwa mbaroni kisa kimefika ukingoni. Kwa hadithi ya mhifadhi na majangili mpangilio huo haufai. Pingu zinapofungwa ndipo kazi ngumu inapoanza, na hapo ndipo mwandishi wa riwaya angepata utamu wake.

Anayetaka kuandika kisa hicho hana haja ya kwenda Serengeti. Aje Kisarawe. Msitu wa Hifadhi wa Ruvu Kusini umelala kati ya wilaya hii na Kibaha, karibu kabisa na Dar es Salaam. Njia itokayo Mloka, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, hupita Vikumburu na Maneromango hadi Kisarawe mjini, kisha Pugu. Reli ya TAZARA nayo huja kutoka porini na kupita Mzenga. Upande wa Kibaha kuna barabara ya Morogoro, ambayo malori hayakauki usiku wala mchana. Mwenye mzigo wa haramu kutoka kusini ana njia kadhaa za kuingilia jijini, na zote zinapita Mkoa wa Pwani.

Mizigo hiyo, hasa ya meno ya tembo, haikuwa midogo. Katika ikolojia ya Selous na Mikumi, inayojumuisha eneo la Nyerere, tembo walikadiriwa kuwa karibu 109,000 mwaka 1976. Sensa ya 2013 ilikuta 13,084. Miaka miwili baadaye mtafiti Samuel Wasser na wenzake walichapisha matokeo ya vipimo vya DNA vya shehena kubwa zilizokamatwa sehemu mbalimbali za dunia: meno mengi ya tembo wa savana yalitoka kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji.

Serikali ilijibu kwa mabavu. Operesheni Tokomeza, ya kuwasaka majangili, ilianza Oktoba 2013, na haikumaliza hata miezi miwili. Ilisitishwa baada ya wabunge kupaza sauti juu ya wananchi waliopigwa, walioteswa na waliouawa, na Desemba mawaziri wanne wakapoteza nyadhifa zao. Yeyote anayedhani mhifadhi shujaa ni yule anayepiga kwanza akauliza baadaye, arudie kusoma habari za miezi ile.

Sasa tubuni kisa chetu. Ni saa 9 usiku, nje kidogo ya Maneromango. Doria inasimamisha bodaboda iliyobeba gunia la mkaa, na ndani ya mkaa mna vipande vinne vya meno ya tembo. Kwenye riwaya ya papara mhifadhi angemkaba dereva koo hadi amtaje tajiri wake. Mhifadhi anayeijua kazi anatoa kalamu.

Anahitaji hati ya ukamataji: saa, mahali, kilichokamatwa, na saini za waliokuwepo. Anahitaji pia shahidi huru, asiye askari, kwa hiyo mtu anatumwa kijijini kumwamsha mwenyekiti wa kitongoji. Kila kipande kinaandikwa alama kwa wino usiofutika, ili miezi mingi baadaye mhifadhi aweze kusimama kizimbani na kusema bila kusita kwamba ndicho hiki. Wakati huohuo saa inatembea. Sheria inatoa muda wa saa nne tangu mtuhumiwa ashikiliwe ili ahojiwe na maelezo yake yaandikwe. Safari ya kutoka porini hadi kituoni haihesabiwi, lakini mahakama itataka kuelezwa muda uliosalia ulikwenda wapi. Maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda bila sababu ya kisheria huweza kuondolewa kwenye kumbukumbu, hata kama ndani yake mtuhumiwa alikiri kila kitu.

Kituoni vipande vinaingizwa kwenye daftari la vielelezo. Kisha anakuja ofisa wanyamapori kuvitambua na kuandika hati ya tathmini. Jino la tembo likikatwa huonyesha mistari myembamba inayopishana kama wavu, na mistari hiyo haipo kwenye mfupa wala plastiki. Tembo mmoja huthaminiwa kwa dola 15,000 za Marekani. Je, vipande vinne ni vya tembo mmoja au wawili? Ofisa asipoweza kueleza alivyofikia jibu lake, wakili wa utetezi atamshikilia hapohapo.

Katika Rufaa ya Jinai namba 110 ya 2007, Mahakama ya Rufani ilisisitiza kwamba safari ya kielelezo, tangu kinakamatwa hadi kinafika mahakamani, ifuatiliwe kwa maandishi. Baadaye mahakama hiyohiyo ililegeza kidogo kwa vitu kama meno ya tembo, kwa kuwa si rahisi kubadilishwa kimyakimya. Naona ni busara.

Nyama haina nafuu hiyo. Mtu aliyenaswa na paja la funo ana kielelezo kitakachooza, kwa hiyo hakimu huombwa amri ya kukiteketeza. Rufaa namba 385 ya 2017 iliweka wazi kwamba mtuhumiwa awepo mbele ya hakimu huyo na asikilizwe kabla amri haijatolewa. Fomu iliyosainiwa bila yeye kuwepo haina nguvu. Kesi nyingine zimeanguka kwa sababu kibali au hati ya Mkurugenzi wa Mashtaka haikuwepo, au ilikuwa na kasoro, na mashtaka ya uhujumu uchumi, kama haya ya nyara, hayaendi mbele bila nyaraka hizo.

Wapo wanaolalamika kwamba huku ni kuwabeba majangili. Sikubaliani nao. Kukutwa na nyara za Serikali kunaweza kumpeleka mtu jela miaka 20 hadi 30, na mara nyingi anayekutwa nazo ni mpagazi au dereva aliyeahidiwa fedha kidogo. Adhabu nzito kiasi hicho inadai ushahidi usio na tundu.

Tajiri mwenyewe hakai nyuma ya bodaboda. Yang Feng Glan, mfanyabiashara Mchina aliyeitwa Malkia wa Pembe za Ndovu, alikamatwa mwaka 2015. Mahakama ya Kisutu ilimhukumu miaka 15 Februari 2019, pamoja na Watanzania wawili. Watu wa ngazi hiyo hawafikiwi kwa kufukuzana msituni. Hufikiwa kwa namba za simu, miamala, na mashahidi wanaokubali kusema kwa sababu hawakupigwa. Kwa hiyo katika kisa chetu cha Maneromango kuna kitu kimoja zaidi cha kuandika kwenye hati kabla hakujakucha: simu ya dereva, aina yake na laini zilizomo, ikafungwe kwenye bahasha na kusainiwa na mwenyekiti yuleyule aliyeamshwa usingizini.