Madini yenye kuangaza bila moto

Mfuachuma akitia chuma katika moto, chuma kinakuwa chekundu, halafu cheupe. Vivyo hivyo uzi wa ndani ya ampule za zamani: umeme unaupasha moto sana, ndipo unaangaza. Basi tunazani madini hayaangazi ila yakipata moto. Si kweli.

Mwaka 1976, kule Marekani, Lambe na McCarthy, wachunguzi wa kampuni Ford, walichukua alumini, wakaacha uso wake uote ganda la oksidi, jembamba kama atomu chache tu, wakapaka juu yake feza ama zahabu. Walipotia umeme wa volti chache, mwangaza ukatoka, na madini hayakuwaka.

Namna gani? Oksidi inakataza umeme kupita. Lakini ganda likiwa jembamba hivi, elektroni moja moja zinapenya, kama mtu mwenye kupita ukuta bila kuutoboa. Kwetu ni ajabu. Kwa vitu vidogo sana ni sheria ya kila siku. Elektroni yenye kupenya inaweza kuachia nguvu yake kundi lote la elektroni za madini, nalo linayumba pamoja, kama maji ndani ya beseni iliyosukumwa. Kuyumba huko wataalamu wanakuita plasmoni.

Hapa ndipo udogo una kazi. Juu ya bamba laini, plasmoni inakimbia mpaka inakufa na kuwa joto. Katika chembe ya zahabu, yenye upana wa milimetri moja iliyokatwa vipande 50.000, haina pa kukimbilia. Inaweza kutoka nje kama mwangaza. Ndiyo sababu wale wa Ford walifanya uso wa madini yao uwe wa kukwaruza.

Rangi nayo ina mipaka. Kwa kawaida elektroni haitoi nguvu kupita ile iliyopewa na volti. Kwa volti 2 tunapata wekundu, buluu hapana. Kwa volti 3 buluu inawezekana, zaidi kwa feza kuliko zahabu.

Taa ya nyumba? Bado sana: elektroni maelfu na maelfu zinapita, moja tu inaleta mwangaza. Faida iko kwa wachunguzi. Mwaka 1988, Gimzewski na wenzake wa IBM, huko Uswisi, walikaribisha ncha ya sindano juu ya madini, wakapokea mwangaza wa mahali pale pale. Hivi sasa chembe moja inaweza kuchunguzwa peke yake, na jirani yake yenye umbo lingine ikaonekana kutoa rangi ingine.