Hagadera: mikono ipo, barabara imefungwa

Ukisikia "kambi ya wakimbizi", pengine unawazia foleni ya unga tu. Basi fika Hagadera, Kaunti ya Garissa. Kambi ilianza 1992, na leo soko lake si mchezo: nguo, simu, nyama ya ngamia, mafundi cherehani, kina mama wa hina.

Halafu kuna kazi ya mkono ya Wasomali wenyewe. Mikeka ya kufunikia aqal, ile nyumba ya wafugaji inayobomolewa na kuhamishwa. Dhiil, chombo cha maziwa kinachosukwa kwa nyuzi za mimea. Hiyo si kazi ya siku moja.

Wenyeji pia wanakula hapo. Utafiti wa 2010 ulikadiria kwamba kambi za Dadaab ziliwafaidi kwa takriban dola milioni 14 kila mwaka, zikiwemo mauzo ya mifugo na maziwa.

Sasa shida iko wapi? Mkimbizi hatoki kambini bila kibali. Garissa mjini ni kama kilomita 100, lakini kwa mama anayesuka ni kama ng'ambo. Anabaki kumuuzia jirani ambaye mfuko wake mtupu kama wake, ama amtegemee mwenye kitambulisho ampelekee mzigo, na bei apange huyo.

Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inawaruhusu kufanya kazi na biashara. Mpango wa Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unataka kambi zigeuke makazi ya kawaida. Poa. Lakini bei ya mkeka haitapanda kwa karatasi. Itapanda siku mwenye mkeka atapanda basi mwenyewe.