Saratani ya Utumbo Ikifika kwenye Ini: Upasuaji Huamuliwaje?

Saratani ya utumbo mpana na puru inaposambaa, ini ndicho kiungo kinachoathirika mara nyingi zaidi. Sababu ni njia ya damu. Sehemu kubwa ya damu inayotoka utumboni hukusanywa na mshipa mmoja mkubwa unaoingia moja kwa moja kwenye ini. Seli za saratani zikichomoka utumboni hubebwa na damu hiyo, na zikinasa kwenye ini huweza kuota vivimbe vipya. Vivimbe hivyo bado ni saratani ya utumbo, na hutibiwa hivyo.

Ini linaweza kukatwa kwa sababu ya jinsi lilivyoumbwa. Mwaka 1957 daktari Mfaransa Claude Couinaud alieleza kuwa lina sehemu nane, kila moja ikiwa na tawi lake la mishipa ya kuingiza damu na mrija wake wa kutoa nyongo. Hivyo sehemu moja huondolewa na jirani zake zikaendelea kufanya kazi.

Sababu ya pili ni kwamba ini hukua tena. Sehemu iliyokatwa hairudi mahali pake, ila ile iliyobaki hutanuka kwa wiki na miezi hadi ibebe kazi yote.

Zamani madaktari walihesabu vivimbe na kupima ukubwa wake. Vikizidi vitatu au vinne, wengi walikataa kupasua. Leo huuliza maswali mawili. Je, vivimbe vyote vinaweza kuondolewa? Na je, ini litakalobaki litatosha? Kwa mtu mwenye ini zima, hutakiwa ibaki angalau asilimia 20 hivi ya ini lake. Kama ini limechoshwa na tibakemikali ya muda mrefu, hutakiwa asilimia 30. Likiwa na makovu mengi, 40.

Kiasi hicho kisipofikiwa, zipo njia za kukitafuta. Mjapani Masatoshi Makuuchi na wenzake, katika miaka ya 1980, walianza kuziba tawi la mshipa linalolisha upande utakaokatwa. Damu huelekea upande wa pili, nao hukua kwa wiki chache kabla ya upasuaji. Njia nyingine ni kupasua kwa awamu mbili, ini likipewa nafasi ya kukua katikati. Vivimbe vikiwa vikubwa mno, tibakemikali inaweza kuvipunguza hadi vikatike.

Matokeo yapimwe kwa uwazi. Katika ripoti nyingi, takriban wagonjwa 40 kati ya 100 waliopasuliwa huwa hai baada ya miaka mitano. Zaidi ya nusu hurudiwa na ugonjwa, na baadhi yao huweza kupasuliwa tena. Kwa hiyo vipimo vya ufuatiliaji ni sehemu ya tiba.

Tukiyaunganisha haya, tunaona kuwa picha ya ini lenye vivimbe vingi haitoshi kumnyima mgonjwa upasuaji. Jibu hutegemea ini litakalobaki, na mwenye ujuzi wa kulikadiria ni daktari bingwa wa upasuaji wa ini, akishauriana na wa saratani na wa picha. Mgonjwa asiambiwe kwamba hapasuliki kabla bingwa huyo hajaziona picha zake. Na mgonjwa au ndugu yake ana haki ya kuuliza kama ameziona.